Kuhifadhi Kiini Hai cha Jino: Kutoka Vifaa vya Mkono vya Dar es Salaam hadi Leza

Insha hii inajadili historia ya jitihada za kuhifadhi kiini hai cha jino, yaani tishu laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu iliyomo ndani ya jino. Historia hiyo huelezwa mara nyingi kama safari ya kutoka zana duni kuelekea leza. Hoja ya insha hii ni kwamba mfano wa Dar es Salaam unadai masimulizi tofauti: kinachookoa kiini ni kanuni, na kanuni hiyo ilitekelezwa hapa kwa vifaa vya mkono kabla ya leza kuwa zana ya kukata jino.

Msingi wa kanuni hiyo ulithibitishwa mwaka 1965 na tafiti mbili za Marekani. Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini. Kwa panya wa kawaida kiini kilikufa. Kwa panya waliolelewa pasipo vijidudu, jeraha lilijifunika kwa dentini mpya. Zach na Cohen, kwa upande wao, walionesha kwa kima kuwa joto la kiini likipanda kwa nyuzi 5.5 za Selsiasi, takriban asilimia 15 ya viini havikupona. Kwa hiyo kiini kina maadui wawili: vijidudu vya kwenye tundu na joto la mashine ya tabibu mwenyewe.

Jijini Dar es Salaam, huduma za afya zilianza kwa ubaguzi. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Waasia walihudumiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliitenga Kariakoo, makazi ya Waafrika, na sehemu nyingine za mji. Hospitali ya Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili, ilifunguliwa mwaka 1956, lakini mafunzo ya madaktari wa meno yalianza mwaka 1979 tu. Kwa wananchi wengi tiba ya jino linalouma ilibaki kuwa kung'oa.

Katikati ya miaka ya 1980 shule hiyo changa ya meno ilikabiliwa na swali la kiutendaji: jino litazibwaje mahali ambapo umeme na vipuri haviwezi kutegemewa? Jibu, ambalo Mholanzi Jo Frencken alishiriki kulibuni, lilikuwa njia inayojulikana kwa kifupi kama ART. Tabaka lililooza na kulainika hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, dentini iliyo jirani na kiini huachwa, kisha tundu huzibwa kwa saruji inayoshikamana na jino. Hivyo maadui wote wawili hudhibitiwa: hakuna joto la mashine, na vijidudu vinavyosalia hufungiwa mbali na chakula. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kimataifa.

Leza ilifuata mkondo wake. Maiman aliwasha leza ya kwanza mwaka 1960, lakini majaribio ya awali kwenye meno yalikwamishwa na joto. Leza ya erbiamu, yenye urefu wa wimbi wa mikromita 2.94, ilipunguza tatizo hilo kwa kuwa nishati yake hufyonzwa na maji yaliyomo kwenye jino. Marekani iliiruhusu kwa tishu ngumu mwaka 1997. Leza pia huweza kuua vijidudu na kuzuia damu kabla ya kiini kilichofichuliwa kufunikwa. Hata hivyo, kazi yake hutegemea kile kile kilichotegemewa na kifaa cha mkono: jino kuzibwa barabara na kiini kuwa bado hai.

Sharti hilo la mwisho ndilo zito kwa Kariakoo. Mchuuzi anayevumilia maumivu hadi yamnyime usingizi hufika kwa tabibu wakati kiini kimekwisha kuharibika, na hakuna mwale unaofufua kiini kilichokufa. Kwa kuzingatia historia hii, uwekezaji katika leza hauna budi kupimwa kwa kigezo kimoja: je, utamfikisha mgonjwa kwenye kiti cha tabibu mapema zaidi? Usipofanya hivyo, kifaa cha mkono katika kituo cha afya kilicho jirani na soko kitaendelea kuokoa meno mengi zaidi.