Maneno ya Kiingereza na Kireno Yaliyo Ndugu

Miaka kadhaa iliyopita tulipokea barua kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma. Aliyeiandika ni mwalimu wa dini, mzaliwa wa Msumbiji, aliyekuwa amefundisha kwetu mwaka mzima, kisha akaenda kwao kuwauguza wazee wake. Kiswahili alikisema vema, lakini kukiandika hakukizoea, basi aliandika kwa Kireno. Sisi hatukuwa tumejifunza lugha hiyo. Ila Kiingereza twakijua, na maneno mengi ya barua ile tuliyatambua bila kamusi: "família", "paciência", "missão". Hata tukafika mahali alipoandika "pretendo voltar". Neno la kwanza tukalifananisha na "pretend" la Kiingereza, yaani kujifanya, tukadhani anakiri kwamba ahadi yake ya kurudi ilikuwa ya uongo. Tukamjibu kwa maneno makali. Kumbe alikuwa amesema, "Nakusudia kurudi." Kosa lile lilitutia haya, tena likatufanya tutafute asili ya udugu wa maneno haya: watoka wapi, wafaa nini, na wadanganya wapi.

Kireno ni mtoto wa Kilatini. Warumi waliingia Hispania mwaka 218 kabla ya Kristo, walipopigana na watu wa Karthago. Na askari wao na wachuuzi wao wakaeneza Kilatini cha kila siku, si kile cha vitabu. Kilatini hicho, kikisemwa kizazi baada ya kizazi katika nchi za magharibi ya Hispania, ndicho kilichogeuka kuwa Kireno. Katika enzi ya Mfalme Dinis, aliyetawala tangu 1279 hata 1325, Kireno kilishika mahali pa Kilatini katika hati za serikali.

Kiingereza asili yake ni nyingine. Baba zake ni Waangle na Wasaksoni, waliovuka bahari katika karne ya 5 kutoka pande za Ujerumani na Denmark, na maneno ya nyumbani kama "bread", "house" na "water" ni ya hao. Bali Kilatini kiliingia humo kwa milango mitatu. Wa kwanza ni Kanisa, maana Agostino alifika Kent mwaka 597 pamoja na wenzake, nao walisali na kuandika kwa Kilatini. Wa pili ni vita: mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na Kifaransa, ndugu yake Kireno, kikawa lugha ya wakuu na ya mahakama, hata sheria ya mwaka 1362 ikaagiza mashauri yasemwe kwa Kiingereza. Wa tatu ni wanazuoni wa karne ya 16 na ya 17, waliochota maneno katika vitabu vya Kilatini vyenyewe. Basi Kiingereza ni kama mtoto wa kulelewa katika nyumba ya Warumi: damu yake si ya humo, lakini vyombo vingi avitumiavyo ni vya humo.

Mwenye kujua haya hashangai kuona miisho ya maneno ikifuatana kwa desturi. Penye "-tion" katika Kiingereza, mara nyingi Kireno kina "-ção": "nation" ni "nação", "salvation" ni "salvação", "education" ni "educação". Penye "-ty" pana "-dade", kama "charity" na "caridade". Penye "-ous" pana "-oso", kama "generous" na "generoso". Penye "-ble" pana "-vel", kama "possible" na "possível". Mwalimu akiyashika haya, siku ya kwanza tu ana maneno mamia mkononi.

Yako na mengine ambayo udugu wake umefichika. Wareno walizoea kuangusha "l" na "n" zilizo katikati ya irabu. Ndiyo sababu "colour" kwao ni "cor", na "general" ni "geral". Tena "pl", "cl" na "fl" za mwanzo wa neno waligeuza kuwa "ch". "Flame", yaani mwali wa moto, ni "chama". Na "plumbum", jina la Kilatini la risasi, limekuwa "chumbo". Waingereza nao humwita fundi wa mabomba "plumber" kwa neno hilo hilo, maana mabomba ya maji zamani yalifanywa kwa risasi.

Tena mwaka 711 Waislamu wa Afrika ya Kaskazini walivuka wakaiteka Hispania, na Kireno kikapokea maneno mengi ya Kiarabu. Hapo ufunguo ulio bora mara nyingi ni Kiswahili chetu. "Fulano" ni fulani. "Oxalá" ni ndugu wa inshallah. "Arroba", kipimo cha uzito, ni ndugu wa robo, kwa kuwa ilikuwa robo ya kintali. "Armazém", yaani ghala, ni wa shina moja na hazina.

Lakini ndugu wawili hawana lazima kuwa na tabia moja. "Parentes" si wazazi, ni jamaa. Wazazi ni "pais". "Livraria" ni duka la vitabu. Maktaba ni "biblioteca". "Push" na "puxar" yametoka katika neno moja la Kilatini, tena yakaribiana kwa sauti; hata hivyo Mwingereza asukuma, na Mreno avuta. Na lile neno lililotukosesha, asili yake ni kunyosha kitu mbele. Mreno alinyosha mbele nia yake. Mwingereza akanyosha mbele kisingizio.

Wala tusiwacheke, maana nasi tumefanya vivyo hivyo. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na katika lugha yetu wameacha meza, bendera na kasha, maneno ambayo maana yake haikwenda mbali. Wameacha na gereza, litokalo katika "igreja", yaani kanisa. Ngome ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593 na kutekwa na Waomani mwaka 1698, ilikuwa na kanisa ndani ya kuta zake. Jina la kanisa likawa jina la ngome, na mwisho jina la nyumba ya wafungwa. Mreno asemaye aenda "igreja" haendi kifungoni.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu wayaandike maneno ndugu katika safu mbili, na yale yadanganyayo katika ukurasa wa peke yake. Neno likifanana, likubaliwe kwanza kama dhana tu, kisha lipimwe kwa sentensi nzima na kwa kamusi. Hasa likionekana kumshitaki mtu. Sisi tuliiandika barua ya pili ya kuomba radhi. Naye akarudi, kama alivyokusudia.