Mbegu Mpya na Wakulima wa Vanga

Mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliafikiana mwaka 1886 ulianzia kwenye mlango wa Mto Umba, jirani na Vanga, ukawaacha Wadigo wa huko pande mbili, za Kenya na Tanzania za leo. Undugu haukukatika, na mbegu ziliendelea kuvuka.

Mhogo ndio ushahidi mkubwa. Huko Amani, katika milima ya Usambara, umbali usiofika kilomita 100 kutoka Vanga, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza miaka ya 1930 kutafuta mhogo unaostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Waliuchanganya mhogo na mti wa mpira, jamii yake, kisha wakauzalisha tena na mhogo, kizazi baada ya kizazi, hadi ukapatikana wenye mizizi ya kuliwa. Mbegu moja ya kazi hiyo, nambari 46106/27, ilienea pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso. Tanzania huitwa Namikonga, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ya kienyeji. Mbegu ya mhogo ni vipande vya shina, navyo hukauka haraka. Masika yakikaribia, mkulima huomba kwa jirani, shemeji au mkwe. Asiye na wa kumpa hubaki na mbegu ya zamani, hata kama ameisikia sifa ya mpya.

Kisha kuna suala la mapishi. Mbegu ya mhogo iitwayo Kibandameno huugua batobato sana, lakini huiva upesi na ni tamu. Mpishi na mchuuzi wote wanaitaka. Mbegu yenye mavuno mengi lakini chungu au ngumu kuiva haipati nafasi, na kumlaumu mkulima kwa hilo ni kumwonea.

Mahindi yana kikwazo kingine. Coast Composite ilitolewa mwaka 1974 na Pwani Hybrid 1 mwaka 1989. Ya kwanza mkulima aliweza kujiwekea mbegu kwa misimu kadhaa. Ya pili hununuliwa kila msimu, na mvua ikikatika baada ya kupanda, fedha imepotea. Mahindi ya kienyeji kama Mdzihana yana maganda yanayofunika gunzi hadi ncha, hivyo fukusi hupata shida kuingia, na hukaa vizuri uchagani juu ya moshi wa jiko.

Baadaye watafiti wa kituo cha Mtwapa, pwani ya Kenya, walitoa mihogo mipya, ikiwamo Tajirika, Karembo na Shibe. Kibandameno bado inapandwa.