Tunu: Istilahi ya Kiumbe Asiyenaswa

Kosa linalorudiwa mno katika uundaji wa istilahi zetu ni kulitafsiri neno la Kiingereza badala ya kuipa jina dhana yenyewe. Mfano mmojawapo ni "Pokémon wa tukio". Anayeitwa hivyo ni yule kiumbe wa gemu ambaye mchezaji hamkuti porini wala mapangoni, kwa kuwa wenye gemu humtoa wao wenyewe kwa muda maalumu: dukani, pamoja na tiketi ya sinema, au kwa msimbo wa kuandika kwenye mashine. Mtafsiri hufungua kamusi ya lugha mbili, akaona tukio, akalibandika; na daima wapo wa kupiga muhuri kabla ya kumwuliza mchezaji hata mmoja. Tukio linatokana na kutukia. Ni jambo lililozuka, aghalabu bila mtu kulitaka. Kwa msikilizaji wa redio Tanga, tukio ni basi lililopinduka njia ya Segera, na eneo la tukio ni pale polisi walipozuia watu wasisogee. Kitu kinachopangwa miezi kadhaa kabla, kikatangazwa na kusubiriwa kwa hamu na watoto wa mabara matatu, hakiwezi kubeba jina la jambo lisilotarajiwa.

Wanaolikwepa tukio hukimbilia hafla, nao hawafiki mbali. Hafla ni neno la Kiarabu, la mzizi wenye maana ya kukusanyika. Ndugu yake ni mahafali, ile siku ya majoho vyuoni. Pasipo watu kukutana hakuna hafla. Lakini tangu mashine za Nintendo DS zilipoanza kupokea viumbe hawa kwa njia ya intaneti, mchezaji aliweza kumpata wake akiwa chumbani peke yake. Kundi jingine, la watu wa fasihi, limetuletea "Pokémon wa kisasili". Hawa wamelifuata neno la Kiingereza lililoteuliwa kuwa jina rasmi la akina Mew na Celebi, wala hawakujiuliza Wajapani, walioubuni mchezo, wanasemaje. Kijapani kinasema maboroshi, yaani njozi, kitu kinachoonekana kikatoweka, na kwa upanuzi wa maana, kitu kisichopatikana kirahisi hata watu wakashuku kama kipo. Kisasili katika taaluma ya fasihi ni masimulizi ya asili ya ulimwengu, ya watu au ya mila. Arceus, anayesimuliwa kuwa ndiye aliyeumba ulimwengu wa gemu, angeweza kulistahili jina hilo. Meltan, aliyejitokeza katika Pokémon GO mwaka 2018 akiwa kiumbe wa chuma laini mwenye nati kichwani, yumo katika kundi lilelile, na hana habari yoyote ya asili ya ulimwengu. Istilahi inayomfaa mmoja na kumwacha mwenzake nje haijakomaa, hata ikiwa imetoka kwa wasomi.

Jina linalotetewa kwa nguvu zaidi ni adimu, nalo linastahili kujibiwa kwa kirefu. Adimu limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukosekana. Nadra, jirani yake, ni kutokea mara chache. Yote mawili hupima wingi tu, na hayasemi kitu kinapatikanaje. Sisi wa Tanga tuna kipimo cha uadimu ambacho wengi duniani hawana. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa alitoweka tangu zama za dinosaria, alipatikana akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938, kisha Komoro mwaka 1952, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku nyingi kwa jina la gombessa. Mwanzoni mwa karne hii wavuvi wa Kigombe na vijiji jirani wakaanza kumtoa katika majarife waliyoyatega kwenye maji ya kina kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga kuulinda mwambao huo. Huyo ndiye adimu wa kweli. Haonekani, hatafutwi, lakini yumo baharini, na jarife likishuka kina kinachofaa atanaswa. Watunzi wa Pokémon wanaijua tofauti hii vizuri. Katika Ruby na Sapphire, gemu zilizotoka Japani mwaka 2002, yumo Relicanth, aliyechorwa kwa sura ya silikanti. Hupatikana kwa kupiga mbizi chini ya bahari ya gemu, na hata huko hujitokeza mara chache, mvumilivu humpata. Katika gemu hizohizo yumo pia Jirachi, na huyo mchezaji anaweza kuchakura kila kichaka, kila pango na kila mkondo wa maji kwa miaka ishirini asimwone, kwa sababu hakuwekwa mahali popote pa kunaswa. Ukiwaita wote wawili adimu, umewachanganya wanaongoja bahati na wanaongoja mkono wa mtoaji.

Mkono huo ndio kiini cha dhana, na historia ya mchezo inathibitisha. Pokémon Red na Green zilipoanza kuuzwa Japani tarehe 27 Februari 1996, mchezaji alijulishwa viumbe 150. Shigeki Morimoto, mwandishi wa programu katika kampuni ya Game Freak, alikuwa amempenyeza wa 151, Mew, katika upenyo wa kumbukumbu wa baiti 300 hivi ulioachwa baada ya kuondolewa zana za kusahihishia programu. Hakupewa pori la kuishi. Mwaka huohuo jarida la watoto la CoroCoro likatangaza kwamba wasomaji 20 watapewa Mew, na maombi yakafika takriban 78,000. Tangu hapo utaratibu ukaota mizizi, nao ukawa na kumbukumbu zake ndani ya gemu. Penye jina la mtu wa kwanza kumnasa Pokémon, kiumbe aliyetolewa huandikwa jina la mtoaji au la sherehe yenyewe, kama GF kwa Game Freak, au 10ANIV kwa maadhimisho ya miaka kumi. Tangu Diamond na Pearl za mwaka 2006, wengi wao huja ndani ya mpira mwekundu ambao hauuzwi katika duka lolote la gemu. Wapo wanaopinga kwamba kosa la programu katika Red na Blue humwezesha mchezaji kumnasa Mew kwa hila, kwa hiyo kunaswa kunawezekana. Jibu limetolewa na wenye mchezo: gemu hizo za kale zilipouzwa upya kwa mashine ya 3DS, Pokémon Bank, ghala la kuhamishia viumbe, lilimkataa Mew asiye na alama za mtoaji. Kwa sheria za mchezo wenyewe, uhalali wa kiumbe huyu unatokana na kutolewa.

Kiswahili kina neno linalobeba uadimu na utoaji kwa pamoja, tena kwa silabi mbili: tunu. Tunu ni kitu cha thamani kisichopatikana kirahisi. Tunu vilevile ni kitu cha aina hiyo kinapotolewa kwa mtu kwa heshima au mapenzi. Katika ukoo wake yumo tunuka, kupenda na kutamani kwa dhati. Yumo tunukia, kumpa mtu kwa hisani. Na Kiswahili cha leo kinasema tunuku na tunukiwa kila siku. Ukoo huu umeizunguka dhana yetu pande zote: yupo anayetamani, kipo kinachotamaniwa, yupo anayetoa na yupo anayepokea. Yaliyobaki hayafiki hapo. Zawadi, ambayo asili yake ya Kiarabu inahusu masurufu ya safari, imepanuka mno. Kalamu ya kawaida ikifungwa karatasi ni zawadi. Hidaya ina uzito wa kutosha, lakini kwa masikio ya pwani yaliyolelewa madrasa, hidaya ni uongofu pia, na mkanganyo huo haufai kuingizwa katika michezo ya watoto. Tuzo hutokana na kutuza, na anayetuzwa ni aliyefanya jambo: mwimbaji wa taarabu aliyekonga nyoyo, mwanafunzi aliyeongoza darasa. Aliyeingia dukani na mashine yake akapokea Pokémon hajamshinda mtu. Ofa, neno la matangazo ya simu, hubeba punguzo la bei, na kiumbe huyu aghalabu hana bei.

Imesemwa kwamba tunu ni neno la washairi, halifai katika mambo ya teknolojia. Hoja hii ni dhaifu, na inasikitisha kuisikia kwa watu waliokabidhiwa lugha. Kila mwaka wakuu wa vyuo husimama katika mahafali wakawatunuku wahitimu shahada, na hakuna anayedhani wanaghani shairi. Lugha hii imezoea kulipa neno la kale kazi mpya: ikulu lilikuwa boma la mtemi kwa Wanyamwezi kabla ya kuwa makao ya rais, na ngeli lilitoka kwa Wahaya likaingia katika sarufi. Imesemwa pia kwamba Tunu ni jina la wanawake. Ni kweli, na Zawadi, Neema na Bahati ni majina ya watu pia, wala hilo halijayafukuza katika matumizi mengine. Wengine wanataka iventi ibaki ilivyo kwa kuwa vijana wanaielewa. Vijana wanaielewa kwa maana ya burudani ya Jumamosi usiku. Na hata wangeielewa kwa maana hii, ni neno lisilozaa. Mtu hawezi kuiventi wala kuiventiwa, ilhali tunu lina kitenzi chake tayari.

Pingamizi lenye uzito ni moja. Mew wa leo si adimu: mwaka 2018 kila mchezaji wa Pokémon GO aliweza kumpata kwa kukamilisha kazi alizopangiwa. Kwa upande wa pili, wapo Pikachu wa kawaida kabisa waliogawiwa kwa misimbo mwaka 2017 wakiwa wamevaa kofia, na spishi yao imejaa katika gemu. Tunu litawafaaje wote hawa? Jibu ni kwamba hapa zipo dhana mbili, na waliotangulia wamezichanganya. Dhana ya kwanza ni spishi iliyowekwa kando tangu kubuniwa, ile ambayo Wajapani wanaiita maboroshi. Kwa hiyo napendekeza njozi, tafsiri iliyonyooka isiyopitia Kiingereza. Dhana ya pili ni kiumbe mmojammoja aliyetolewa na wenye gemu, awe wa spishi yoyote. Huyo ndiye tunu. Jirachi aliyetolewa ni njozi na ni tunu. Pikachu mwenye kofia ni tunu, si njozi. Thamani yake imo katika kofia na katika muda mfupi wa kugawiwa. Deoxys anaupima mgawanyo huu vizuri zaidi. Katika FireRed na LeafGreen za mwaka 2004, mchezaji alipewa tiketi, akasafiri nayo hadi kisiwani, akamnasa mwenyewe. Tunu hapo ni tiketi. Katika Omega Ruby na Alpha Sapphire za mwaka 2014 amewekwa ndani ya hadithi ya gemu kwa kila mchezaji. Ni njozi asiye tunu. Adimu, tukio, hafla na kisasili, yote manne, hayawezi kuzitenganisha hali hizi.

Kwa matumizi ya kila siku, sema tunu ya dukani, tunu ya sinema, tunu ya msimbo. Kampuni hutunuku, mchezaji hutunukiwa, na muda wa ugawaji ni msimu wa tunu. Kiumbe akitajwa kama mhusika, upatanisho uwe wa wenye uhai, kama tunavyofanya kwa rafiki na ndege: tunu wangu amefika.

Uchaguzi huu una matokeo nje ya kamusi. Maduka yaliyotumika kugawa viumbe hawa yalikuwa hasa Japani, Marekani na Ulaya. Hakuna hata moja lililokuwa Tanga. Huduma ya intaneti ya Nintendo DS, ambayo ingeweza kuuvuka umbali huo, ilifungwa Mei 2014. Kijana wa Ngamiani au Pangani aliyekuwa na gemu halali na ambaye daftari lake la Pokémon limebaki na nafasi tupu, akiambiwa kwamba kiumbe anayemkosa ni adimu, ataamini hakutafuta vya kutosha, ataongeza saa za kutafuta, na hatampata. Akiambiwa ni tunu, ataelewa papo hapo kwamba yupo aliyepaswa kutoa na hakutoa, na kwamba swali la kuuliza linamhusu huyo mtoaji: alimpa nani, wapi, na kwa nini si hapa. Istilahi inayomfikisha mtumiaji kwenye swali sahihi imetimiza kazi yake, na wanaoketi kuidhinisha maneno wanapaswa kuipima kwa kigezo hicho kabla ya kuilinganisha na Kiingereza.