Picha yenye namba 12/50: maana yake nini?

Ukichora tembo hapa Masasi au Newala na kuuza picha hiyo, umeuza mara moja tu. Ndiyo maana wachoraji wengi wa wanyama huchapa nakala chache zenye namba.

Tufafanue. 12/50 ni nakala ya 12 kati ya 50. Mchoraji husaini kila nakala. Zikifika 50, hachapi tena. Akivunja ahadi hiyo, zote hushuka thamani.

Mwingereza David Shepherd alikuta pundamilia 255 wamekufa kwa maji yenye sumu Tanganyika, 1960. Mwaka 1973, nakala za picha yake ya chui-milia zilichangia zaidi ya pauni 100,000 kuwahifadhi wanyama hao.

Wachoraji, tunawashauri muweke daftari: namba, tarehe na mnunuzi.