Krosi: Waya Uliokutanisha Kompyuta Mbili

Kompyuta mbili zinaweza kupeana mafaili kwa waya mmoja tu, bila intaneti wala mashine ya kati, mradi njia za kutuma na kupokea zipishanishwe. Kila kompyuta ina njia ya kutuma na njia ya kupokea. Ya kutuma upande huu sharti iishie kwenye ya kupokea upande wa pili. La sivyo zote mbili zitasema na hakuna itakayosikia.

Kazi hiyo ilianzia kwenye tundu la RS-232, kiwango kilichowekwa Marekani mwaka 1960 ili kuunganisha mashine na modemu. Mafundi walipishanisha nyaya za kutuma na za kupokea, modemu ikaondoka katikati, kompyuta ikaongea na kompyuta. Miaka ya 1980 kampuni ya Traveling Software ilitoa LapLink, programu iliyovuma hata waya wenyewe ukaitwa kwa jina hilo. Kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, mzigo wa disketi moja ya megabaiti 1.44 ulichukua dakika mbili na ushee, na diski ngumu ya megabaiti 40 ilikula saa nzima. Baadaye tundu la printa likatumika pia, kwa kuwa lilipitisha biti nne kwa mpigo. Microsoft nayo ikaweka programu za kazi hiyo ndani ya MS-DOS 6 mwaka 1993, kisha ndani ya Windows 95.

Tanzania iliingia katika habari hii kwa kuchelewa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo lilikuja kulegezwa baada ya miaka mingi. Ndiyo maana waya uliozoeleka zaidi kwa mafundi wa Mwanza si ule wa LapLink bali ni wa itheneti uliopishanishwa, ambao mafundi huuita krosi.

Krosi hutengenezwa kwa mkono. Fundi humenya ganda la waya, hunyoosha nyaya nane nyembamba, huzipanga kwa rangi, huzikata ziwe sawa, huzisukuma ndani ya kichwa cha plastiki cha RJ45, kisha hubana kwa koleo. Upande mmoja hutangulia chungwa-nyeupe na chungwa. Upande wa pili hutangulia kijani-nyeupe na kijani. Buluu na kahawia hubaki mahali pake. Uzi mmoja ukikosea nafasi, kichwa hukatwa na kutupwa, kazi inaanza upya. Huo ni ufundi kamili, na wengi waliujua vizuri bila kuingia darasani. Baada ya hapo kila kompyuta hupewa anwani yake, mathalani 192.168.0.1 na 192.168.0.2, na folda hufunguliwa ili kompyuta nyingine iione.

Mahali kama Igogo, kata ya wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza iliyo kati ya vilima vya mawe na maji ya ziwa, waya huo ulikuwa na maana yake. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, intaneti ya nchi ilitegemea setilaiti, ikawa ya polepole na ya bei. Kuhamisha filamu ya megabaiti 700 kwa njia hiyo ilikuwa ndoto. Kwa krosi ya megabiti 100 kwa sekunde ilikuwa kazi ya dakika moja hivi. Steshenari yenye kompyuta mbili na printa moja iliweza kuchapa kutoka mashine zote mbili. Flashi ilikuwepo, lakini ilipita mikono mingi na kubeba virusi kutoka duka hadi duka.

Kupishanisha kwa mkono kulianza kupoteza ulazima wake pale kadi za itheneti za gigabiti, zilizowekewa kiwango mwaka 1999, zilipoanza kutambua zenyewe upande wa kutuma na wa kupokea. Leo waya wowote wa kawaida wa itheneti unatosha. Waya wa USB wenye vichwa sawa vya zamani ni habari nyingine: kompyuta zote mbili hutoa umeme wa volti 5, na kuzikutanisha moja kwa moja kunaweza kuziharibu, kwa hiyo waya wa kazi hiyo una kifaa maalumu katikati. USB4, iliyotangazwa mwaka 2019, imeruhusu kompyuta mbili kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe.

Kwenye simu kazi hiyo imechukuliwa na programu kama Xender, zinazorusha mafaili hewani bila kula bando. Kwa mizigo mikubwa waya bado unashinda. Mpiga video za harusi mwenye gigabaiti 100 za picha anazihamisha kwenye kompyuta ya kuhariri kwa itheneti ya gigabiti ndani ya robo saa hivi, kama diski zake zina kasi ya kutosha, na halipii chochote.