Vitenzi vya Hisia katika Historia ya Kiingereza na Shutuma Dhidi ya Kiswahili

Ni machache makosa ya Kiingereza yanayochekwa upesi kama la mwanafunzi aliyetaka kusema kwamba amechoshwa na somo, akaandika "I am boring", kumbe amejitangaza kuwa ndiye anayewachosha wenzake. Mwalimu hulikata kwa wino mwekundu, na aghalabu hukishtaki Kiswahili: eti mwanafunzi ametafsiri. Makusudio ya makala haya ni kuipima shutuma hiyo kwa historia ya Kiingereza chenyewe.

Kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Mwingereza aliyeridhishwa na kitu hakujifanya kiima cha sentensi. Kitenzi "lician", kilichozaa "like" ya leo, kilikuwa na maana ya kupendeza. Kiima kilikuwa kile kitu, na mwenye hisia alitajwa katika umbo la mpokeaji. Vivyo hivyo katika kuona njaa na katika kujuta: hisia ilimjia mtu, naye akaipokea. "Methinks" ya Shakespeare ni masalio ya sarufi hiyo. Asili yake ni kitenzi cha kuonekana, si kile cha kufikiri, ijapokuwa vyote viwili vimeishia katika umbo moja la "think".

Mdenmarki Otto Jespersen alilieleza badiliko hili kwa mfano mashuhuri wa mfalme na mapeasi. Hapo kale mapeasi yalimpendeza mfalme, na kitenzi kilikuwa katika wingi kwa kuyafuata mapeasi. Baadaye viambishi tamati vikachakaa, pasibaki alama ya kumtambulisha mpokeaji. Kwa kuwa mfalme alitangulia kitenzi, wasikilizaji wakamdhania kuwa ndiye mtenda. Ikawa mfalme aliyapenda mapeasi. Cynthia Allen, katika makala yake ya mwaka 1986, aliipinga sahili hiyo, akionyesha kwamba matumizi ya kale na mapya yaliishi pamoja kwa muda mrefu. Nakubaliana naye; hata Shakespeare alikuwa akiitumia bado "like" kwa maana ya kupendeza. Lakini kwa kipimo cha wino mwekundu, lililotokea ni kosa la kumchanganya mwenye hisia na chanzo cha hisia, yaani kosa lile lile la mwanafunzi wetu. Leo hakuna anayelikata.

Je, Kiswahili kinahusikaje? Katika "mapeasi yalimpendeza mfalme", kiambishi ya- chaelekeza kwenye mapeasi na -m- kwa mfalme. Hata tukimtanguliza mfalme tukasema "mfalme mapeasi yalimpendeza", hakuna atakayekosea. Tena tuna kuchoka na kuchosha, kuudhika na kuudhi, kila kimoja na umbo lake. Msemaji wa lugha ya namna hii amezoea mno kuzitenga pande hizo mbili.

Isitoshe, Kiswahili huzieleza hisia zilizomkaa mtu kwa -me-: nimechoka, nimekasirika, nimefurahi. Mwanafunzi angalitafsiri kwa uaminifu, -me- ingalimpeleka kwenye "bored", na angalipata alama yake. Linalompotosha ni somo la Kiingereza lenyewe, ambamo hufundishwa tangu madarasa ya chini kwamba -ing ni alama ya jambo linaloendelea sasa. Uchovu wake unaendelea sasa; basi anaandika -ing. Wahispania na Wajapani hufanya kosa hili hili, nao hawajui neno la Kiswahili.

Sikatai kwamba ziko athari za kweli. Mkenya humwambia aliyejikwaa "sorry" kwa maana ya pole, na Mwingereza hushangaa akajibu kwamba si yeye aliyemwangusha. Hiyo ni pole yetu iliyovaa neno la kigeni, na sioni sababu ya kuivua.

Ama kuhusu "I am boring", anayetaka kulirekebisha na aanzie katika ukurasa wa kitabu chake cha mazoezi unaofundisha -ing, wala asianzie katika kinywa cha mtoto. Ngugi wa Thiong'o alieleza mwaka 1986 jinsi watoto wa Kenia ya kikoloni walivyochapwa au kuvishwa kibao cha fedheha shingoni kwa kuisema lugha ya kwao shuleni. Kibao kimeondoka katika shule nyingi, ila shutuma ile ingali inaandikwa pambizoni mwa insha.