Mnyauko wa migomba na bakteria rafiki waishio ndani ya jani

Mgomba ulioshikwa na mnyauko hauna dawa. Majani hugeuka manjano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati wake huku nyama ikiwa na madoa ya kahawia, na shina likikatwa hutoa ute wa manjano. Kwa kaya ya vilimani Mutoyi, mkoani Gitega, nchini Burundi, kupotea kwa shamba la migomba ni kupotea kwa chakula, kwa urwarwa na kwa fedha za matumizi.

Chanzo chake ni bakteria aitwaye Xanthomonas, aliyeelezwa mwaka 1968 nchini Ethiopia katika ensete, mmea ulio jamaa ya mgomba. Uganda ilimtambua mwaka 2001, Burundi mwaka 2010. Huenezwa na wadudu watembeleao ua dume, na mapanga, na machipukizi yaliyoambukizwa.

Hata hivyo, mgomba wenye afya nao una bakteria wengi. Hupenya kupitia mizizi, majeraha au vitundu vya kupumulia vya jani, wakakaa kati ya seli bila kuudhuru mmea. Wataalamu huwaita endofaiti. Baadhi yao, hususan wa jamii za Bacillus na Pseudomonas, hutoa kemikali za kuua vimelea, hugombania navyo nafasi na chakula, au huuamsha mmea ujihami mapema. Utafiti wa migomba ya Uganda uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta wengi wa bakteria hao ni wa familia ya Enterobacteriaceae, yenye rafiki na adui pia. Kuwachagua basi si kazi nyepesi.

Nafasi nzuri zaidi ni miche ya maabara. Hutoka katika chupa ikiwa safi, lakini usafi huo huiondolea hata marafiki zake, nao wanaweza kurudishwa kabla mche haujapelekwa shambani.

Bakteria aliyeshinda maabarani huenda akashindwa na udongo na mvua za kilimani. Tena endofaiti ni kinga. Hawaufufui mgomba uliokwisha kunyauka. Kwa sasa mkulima hutegemea kukata shina lililougua usawa wa ardhi, kulipitisha panga motoni au katika maji ya jiki, na kuvunja ua dume mara tu chane ya mwisho inapojitokeza. Hulivunja kwa kijiti chenye panda, kwa kuwa panga hubeba ute kutoka shina hadi shina.